Wajibu Unaoishia Getini

Afisa afya anapoingia kwenye ua wa nyumba Dar es Salaam, kazi yake inajulikana. Atakagua choo, atafunua pipa la maji, atachungulia nyuma ya jiko kama kuna vifuu vya nazi, madumu yaliyokatwa au tairi kuukuu. Akikuta viluwiluwi au dalili za panya, mwenye nyumba anaandikiwa notisi. Akiipuuza, hufuata faini au mahakama. Nguvu hizo si za kubuni: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia, kukagua na kuamuru kero iondolewe.

Kwa upande wa dengue, sina ugomvi na notisi hiyo. Aedes aegypti, mbu anayeieneza, anaishi na watu. Anauma mchana, na anataga kwenye chombo chochote kinachotuamisha maji, hata kifuniko cha chupa. Jiji liliugua dengue mwaka 2014, likaugua tena 2019, ambapo wagonjwa nchini walizidi 6,000 na wengi wao walikuwa Dar es Salaam. Hakuna gari la kupulizia dawa litakalofika kwenye kila kopo lililofichika kwenye bustani ya maua. Mwenye ua peke yake ndiye anayeweza. Hata hivyo, agizo lenyewe huwa na upungufu. Mayai ya mbu huyu hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Mtu akimwaga maji ya pipa na kulijaza tena bila kusugua kuta zake, ametii sheria na mbu wamebaki. Neno moja tu, "sugua", likiongezwa kwenye sheria ndogo na kwenye matangazo ya mtaa, lingefanya kazi kubwa kuliko faini kupandishwa mara mbili.

Malaria ni habari nyingine, na hapa ndipo mpangilio wa sheria zetu unaponitia wasiwasi. Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakazi wa mitaa yenyewe walichaguliwa, kila mmoja akapewa mashina yake ya nyumba kumi kumi ya kukagua kila wiki. Walichora ramani, wakahesabu madimbwi, wakachota maji kwa upawa na kutazama viluwiluwi. Kuanzia 2006, katika kata 3 kwanza na hadi 2008 katika zote 15, madimbwi ya wazi yalitiwa dawa inayotokana na bakteria kila wiki. Dawa hiyo huua viluwiluwi na haimdhuru binadamu. Tathmini iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba palipotiwa dawa, uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulikuwa chini kwa takriban asilimia 21. Kwa kazi iliyofanywa kwa mguu, na watu waliolipwa posho ndogo ya kutwa, hayo ni mafanikio ya kuheshimiwa.

Wakaguzi hao pia waligundua mambo mawili ambayo kila diwani angepaswa kuyajua. La kwanza ni mitaro. Mitaro iliyojengwa ili maji yaondoke ndiyo iliyokuwa ikifuga mbu, hasa pale ilipoziba kwa mchanga, majani na taka. La pili ni kuta. Kwenye viwanja vilivyozungushiwa uzio, mazalia mengi yalipita bila kuonekana, kwa sababu mkaguzi wa mtaa aliyevaa kandambili hafunguliwi geti kirahisi. Mpangaji wa uswahilini alikaguliwa kila wiki. Mwenye bwawa la kuogelea lililoachwa likawa kijani hakukaguliwa.

Sasa tazama notisi inakoelekezwa. Mama muuza genge anaandikiwa kwa sababu ya ndoo. Hatua chache kutoka hapo kuna mtaro wa barabara umetuama tangu masika. Barabara ikiwa kuu, iko chini ya wakala wa barabara kuu, TANROADS. Ikiwa ya mtaa, tangu 2017 iko chini ya wakala mwingine, TARURA. Taka zilizoujaza ni jukumu la halmashauri. Maji yale hayana mtu wa kuandikiwa. Sheria inayomwadhibu mkazi kwa lita tano na kunyamazia mita mia za mtaro imeacha sehemu kubwa ya mbu nje ya mikono yake, na imemfundisha mkazi kwamba usafi ni jambo analofanyiwa na serikali, kwa maana ya kutozwa.

Mgawanyo huu wa wajibu una historia. Kanuni za mji za wakati wa Waingereza ziliigawa Dar es Salaam kwa kanda za ujenzi, na Uzunguni ikapata nafasi, mitaro na huduma ambazo Kariakoo haikupata kwa kiwango hicho. Nairobi mwaka 1902, tauni ilipotokea kwenye soko la Wahindi, mamlaka ziliamua kulichoma moto soko zima. Tumerithi mazoea ya kuuona ugonjwa kama tabia ya anayeishi kwenye msongamano, kabla ya kuuliza nani alipaswa kumpelekea maji, choo na gari la taka.

Kwa panya, hali ni hiyo hiyo. Panya wa mjini anahitaji chakula na mahali pa kulala, na kizimba cha taka kisichozolewa kwa wiki mbili humpa vyote. Mwenye duka akitega mitego na kuweka sumu, atapunguza idadi kwa muda, kisha waliobaki watazaana hadi kufikia kiasi ambacho chakula kile kinaweza kulisha. Wakazi wanalipa ushuru wa taka. Ni haki yao kuona ratiba ya gari kwenye sheria ile ile inayowataka waue panya.

Tena kuna jambo la hatari ambalo sheria ya kukurupuka inaweza kulisababisha. Tangu 1980 wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kwa zaidi ya miongo miwili. Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto wanauacha mzoga uliopoa na kutafuta damu nyingine, hata ya mtoto aliyelala sakafuni. Kwa hiyo palipo na tauni, viroboto huuawa kwanza ndipo panya wafuate. Agizo la kuua panya kila mtu kwa njia yake, likitolewa mahali kama hapo, linaweza kuongeza wagonjwa.

Halmashauri za vijijini nazo zina panya shamba, anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo mingi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, na wameonyesha kwamba mvua nyingi za mapema, mwishoni mwa mwaka, mara nyingi hutangulia mlipuko wake. Onyo linaweza kutolewa miezi kabla. Lakini sumu kwa kawaida huombwa mashimo yakiwa yameshaonekana kwenye matuta.

Kikwazo kingine ni fedha. Kati ya 1988 na 1996 Japani ilisaidia kupambana na malaria Dar es Salaam na Tanga, mitaro ikafunguliwa; mradi ulipoisha, ikaziba tena. Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya viluwiluwi kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Agizo lilikuwa jema, lakini dawa ya kila wiki inahitaji mtu wa kila wiki, na mtu huyo anahitaji mstari wake kwenye bajeti ya mapato ya ndani.

Muda unabana. Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayezaliana vizuri kwenye matangi na mapipa ya mjini, alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, na sasa amethibitishwa kaskazini mwa Kenya. Akishuka hadi pwani atakuta kila nyumba ina simtanki na madumu, kwa sababu maji ya bomba ni ya mgao. Ningependa madiwani, watakaporekebisha sheria ndogo zao, waandike humo siku ngapi baada ya mkazi kuripoti mtaro ulioziba unapaswa kuwa umezibuliwa, ofisi gani inawajibika, na afisa gani atajibu mbele ya baraza siku hizo zikipita.