Shingo Nene, Dakika Tatu

Mtu ana shinikizo la damu, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza enalapril bila shida yoyote. Siku moja midomo inaanza kuvimba, ulimi unafuata, na baada ya saa chache hawezi hata kumeza mate. Uvimbe huu ni madhara ya dawa yanayojulikana, na huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wengine. Simwambii mtu aache dawa yake kwa hofu. Ninachosema ni kwamba midomo ikivimba ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, na ubebe pakiti ya dawa mkononi.

Kwa kuwa shinikizo la damu na unene huandamana, mgonjwa wa namna hii mara nyingi ana mwili mkubwa na shingo fupi. Hapa Athi River kuna njia nyingine za kufika kwenye hatari hiyohiyo: jino bovu lililoachwa hadi usaha ukashuka chini ya ulimi, moshi wa moto kiwandani, au ajali pale barabara ya Namanga inapochepuka kutoka ile ya Mombasa. Nairobi iko karibu kwa gari, lakini kwa koo lililoziba hata kilomita mbili ni mbali. Kazi itafanyika palepale alipo mgonjwa, na yule aliye zamu: pengine daktari wa nusukaputi, pengine muuguzi au afisa wa kliniki.

Kwanza hujaribiwa barakoa ya oksijeni, kisha mrija kupitia mdomoni. Vyote vikishindikana na oksijeni inazidi kushuka, hubaki njia moja, nayo ni kufungua shingo kwa mbele. Weka kidole kwenye kikoromeo chako ukiteremshe taratibu. Kitazama kwenye kibonde kidogo kabla ya kugonga gegedu lenye umbo la pete. Hapo kuna utando wenye kimo cha sentimita moja hivi, na nyuma yake ni njia ya hewa. Mwaka 1921 daktari Mmarekani Chevalier Jackson aliwaonya wenzake dhidi ya kukata sehemu hii kwa sababu wagonjwa wengi walibaki na njia ya hewa iliyosinyaa. Onyo lake lilitawala zaidi ya nusu karne, hadi Brantigan na Grow walipochapisha mwaka 1976 taarifa ya wagonjwa 655 iliyoonyesha kuwa madhara hayo ni machache. Leo ndiyo njia ya kwanza ya dharura kwa mtu mzima.

Kwa mtu mnene, kibonde hicho kimefunikwa. Utafiti uliofanywa Toronto na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahusu wanawake walio katika uchungu wa kuzaa. Madaktari waliopapasa shingo za wasio wanene walipata mahali sahihi kwa asilimia 71. Kwa wanene, asilimia 39. Hao walikuwa madaktari wasio na haraka. Wanawake wako hatarini zaidi kwa kuwa kikoromeo chao hakichomozi sana, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Shingo hii si ya mgonjwa wa nadra. Ni ya kina mama wengi walioko kwenye foleni.

Halafu kuna saa ya ukutani. Mtu mnene akilazwa chali, tumbo husukuma kiwambo juu na akiba ya hewa mapafuni hupungua, huku mwili wake ukitumia oksijeni nyingi zaidi. Mtu mwembamba aliyejazwa oksijeni vizuri anaweza kukaa bila kupumua kwa takriban dakika nane kabla kipimo cha oksijeni kwenye damu hakijashuka chini ya asilimia 90. Mnene sana hupata dakika tatu, au pungufu.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote ile tabia ya kuchomachoma sindano shingoni kwa kubahatisha. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulikuta njia ya sindano imeshindwa kwa takriban asilimia 60, ilhali kisu kilifaulu karibu kila mara. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa njia ngumu za hewa cha nchi hiyo kikaelekeza kwamba, kama kibonde hakipatikani, usihangaike kukitafuta juu ya ngozi. Mpasue mgonjwa wima, katikati ya shingo, kuanzia chini kuelekea kidevuni, sentimita nane hadi kumi. Damu itajaa na hutaona kitu, usisubiri kuona. Weka kisu kando, ingiza vidole vya mikono yote miwili, utenganishe mafuta hadi uguse gegedu. Lishike zoloto kwa mkono wa kushoto lisiteleze. Sasa utando unapatikana kwa kidole. Utoboe kwa mlalo, zungusha kisu makali yaelekee miguuni, pitisha buji, ule ufito mwembamba unaopindika, kando ya kisu mpaka ndani, kisha teleza juu yake mrija namba sita. Kisu namba kumi, buji na mrija: vifaa vitatu tu, visivyohitaji umeme. Viwe kwenye mfuko mmoja ukutani, na kila aliye zamu ajue ulipo.

Kinachochelewa zaidi ni uamuzi. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili, aliingia chumba cha upasuaji kwa tatizo dogo la pua. Hakuwa mnene. Njia ya hewa ilipogoma, muuguzi alileta vifaa vya kufungua shingo, lakini madaktari wazoefu waliendelea kujaribu mdomoni kwa zaidi ya dakika 20. Alifariki siku 13 baadaye. Kwa mwenye dakika tatu, lazima mtu mmoja aseme kwa sauti kwamba mrija haupiti na oksijeni haiingii, na muuguzi mdogo kuliko wote awe na ruhusa ya kulisema hilo.

Kama upasuaji umepangwa, mengi huwezekana mapema. Mama mnene ainuliwe kwa mito hadi sikio lilingane na kilele cha kifua, apewe oksijeni ya kutosha, na utando utafutwe kwa altrasaundi na kuchorwa kwa kalamu kabla hajalala. Nawe msomaji, ukiulizwa kabla ya upasuaji kama unakoroma na kushtuka usingizini, jibu ukweli bila haya. Swali hilo halikusimangi, linatafuta dalili za njia ngumu ya hewa. Aliyewahi kuwekewa mrija kwa shida, au kufunguliwa shingo, adai barua inayoeleza kilichotokea na njia iliyofaulu, aiweke pamoja na kitambulisho, na aitoe kwa daktari wa nusukaputi kabla ya upasuaji wowote ujao, hata wa kung'oa jino.