Fahamu: Dudumizi, ndege wa mvua

Dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, ni ndege wa jamii ya kekeo anayeishi vichakani na kwenye nyasi ndefu, hasa karibu na maji.

Yukoje?

Ana urefu wa sentimita 40 hivi, mabawa ya hudhurungi, mkia mrefu mweusi na macho mekundu. Anayeonekana sana Afrika Mashariki ana mstari mweupe juu ya jicho. Si hodari wa kuruka.

Kwa nini ahusishwe na mvua?

Mlio wake, mfano wa maji yanayomiminika chupani, husikika zaidi msimu wa mvua, anapozaliana.

Je, hutagia viota vya wengine?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Kekeo wengi hufanya hivyo, lakini dudumizi hujenga kiota chake, dume na jike wakalea makinda pamoja. Kwa dudumizi mweusi mambo ni ya ajabu zaidi: jike huweza kuwa na madume kadhaa, na kila dume huatamia na kulisha makinda peke yake.

Anakula nini?

Panzi, konokono, vyura, mijusi, hata panya. Mkulima, usimpige manati.