Kolwezi: Fotokopi inalipa karatasi na wino, mtungaji wa kitabu anabaki mikono mitupu

Mjini Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, mwanafunzi anayehitaji kitabu mara nyingi hakinunui. Anakiazima kwa mwenzake au kwa mwalimu, anakipeleka kwenye nyumba ya fotokopi na kulipa kwa ukurasa. Franga anazotoa zinalipa karatasi, wino, mafuta ya jenereta na kazi ya mwenye mashini. Aliyetunga kitabu hapati kitu.

Si wanafunzi peke yao. Shule, ofisi na makampuni yanayozunguka migodi ya shaba na kobalti nayo yanahitaji nakala kwa mafunzo ya wafanyakazi.

Sheria ipo. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inampa mtungaji haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake inakiliwe, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo vitabu vya Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki Aprili 2025, vitalindwa hadi mwaka 2075. Hata silabusi ambayo profesa anawauzia wanafunzi wake inalindwa. Lakini akiingiza ndani sura nzima za vitabu vya wengine, naye anahitaji ruhusa yao.

Ruhusa hiyo inaombwa wapi? Mwenye mashini moja hawezi kuwaandikia kila asubuhi watungaji wa Kinshasa, Paris na Bruxelles. Ndiyo sababu kuna mashirika ya kukusanya haki za watungaji. Nchini Kongo, SONECA ya mwaka 1969 iliachia nafasi SOCODA, iliyoundwa mwaka 2011. Jina lake husikika zaidi upande wa muziki.

Kenya na Uganda zina mashirika yanayoshughulikia nakala za maandishi: KOPIKEN na URRO. Katika mpango wa namna hiyo, chuo au kampuni inatia sahihi mkataba mmoja na kulipa kila mwaka, mara nyingi kwa hesabu ya wanafunzi au wafanyakazi. Inaruhusiwa kunakili sehemu ya kitabu, si kitabu kizima, na fedha zinagawiwa watungaji na wachapishaji.

Huko Lualaba, wenye uwezo wa kuanza ni makampuni na vyuo. Chuo kikiongeza gharama hiyo kwenye pesa za masomo, mzigo utamrudia mwanafunzi. Lakini pasipo malipo yoyote, mwalimu wa Kolwezi anayeandika kitabu cha hesabu au cha madini anaweza kuuza kimoja tu, kile cha kwanza, kisha mashini zinafanya mengine. Ataandika cha pili kwa nini?