Kamera ya Kurudi Nayo Nyumbani: Piga Hesabu Kwanza, Halafu Itunze

Leo tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tunakitamani tukipita madukani siku ya mapumziko: kamera. Wapo wanaotaka kupiga picha za watoto wakienda likizo. Wapo wanaotaka kurudi nayo nyumbani iwe kazi: harusi, send-off, kitchen party, kipaimara, picha za pasipoti. Nia zote mbili ni nzuri. Tatizo ni kwamba hela nyingi hupotelea hapo, na mimi mwenyewe ni shahidi.

Mwaka jana kaka mmoja, fundi ujenzi wa saiti moja Sharjah, alinijia Ijumaa na karatasi ya duka. Anatokea Morogoro na amebakiza miaka miwili ya mkataba. Duka lilikuwa limempigia bei ya kamera kubwa mpya, lenzi mbili na flashi: dirhamu 6,800, kwa mkopo wa kulipa kila mwezi. Akaniuliza, "Dada, wewe ni mtu wa mahesabu, nisaini?"

Nikamwambia akae kwanza, tuanze na mshahara wake.

Bei kwa siku za kazi

Mshahara wake ni dirhamu 1,500. Nyumbani anatuma 900, chakula na simu vinakula 300, mkononi inabaki 300. Kwa mwezi anafanya kazi siku 26, kwa hiyo siku moja ya kubeba zege ni kama dirhamu 58.

Gawanya 6,800 kwa 58. Ni siku 117 za jua. Na kwa kuwa hela anayoweza kuigusa ni ile 300 tu, angelipa karibu miezi 23, yaani mkataba wote uliobaki, na hapo riba bado hatujaiweka. Ovataimu ikikatwa au akiumwa mwezi mmoja, deni linamsubiri, na ya kutuma nyumbani ndiyo itakayopungua. Alikaa kimya muda mrefu. Siyo kwamba hakujua hesabu, ila hakuna aliyewahi kumwekea bei kwa siku zake.

Basi tukaandika orodha nyingine, ya vitu vilivyotumika ila vizima, kwa bei alizoziona mwenyewe wiki ile:

- Kamera ya ukubwa wa kati na lenzi yake ya 18-55: 1,000
- Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8: 300
- Flashi: 150
- Betri mbili za akiba: 100
- Memori kadi mbili: 80
- Begi: 70
- Vifaa vya kutunzia: 50

Jumla 1,750. Ni siku 30 za kazi, au miezi sita ya akiba yake bila deni. Tulikubaliana hela ya nyumbani haiguswi na hakuna kukopa. Kila mshahara ukiingia, 300 inawekwa pembeni siku hiyo hiyo.

Unachonunua hasa ni nini?

Muuzaji atakutajia megapikseli. Usibabaike. Kinachobeba kazi kubwa ni kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Wenyewe wanakiita sensa, ila siyo ile ya watu na makazi. Kikiwa kikubwa, picha za ukumbini usiku zinatoka safi zaidi. Kamera za bei kubwa zinacho cha milimita 36 kwa 24. Zile za kati ni kama milimita 23 kwa 15, na kwa harusi za mtaani zinatosha kabisa ukiwa na lenzi nzuri.

Lenzi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ile herufi f na namba yake inaonyesha tundu la mwanga linafunguka kiasi gani, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga mara tisa na zaidi kuliko lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho kwenye f/5.6. Ndiyo maana watu wengi wanaanza nayo, na bei yake ni ya chini.

Uzito nao ni hela, maana kilo za ndege mnazijua. Nikon D3500 ikiwa na betri na kadi ina gramu 415. Sony a6400 ina gramu 403. Hizo unaziweka kwenye begi la mkononi, nafasi ya zawadi za watoto bado ipo.

Na kama unataka picha za familia tu, si za biashara, dada yangu, simu nzuri uliyonayo inatosha. Hela hiyo ongezea kwenye kiwanja.

Ukinunua iliyotumika

Kutana na muuzaji mchana, sehemu yenye watu, ukiwa na kadi yako na tochi ya simu. Fanya hivi:

1. Mulika tochi kupitia lenzi, angalia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache hata akikushushia nusu bei.
2. Weka f/16, piga picha ya ukuta mweupe, halafu ikuze. Madoa meusi ni vumbi juu ya sensa. Vumbi linasafishika, ila gharama ni yako, kwa hiyo ipunguze kwenye bei.
3. Uliza kamera imebofya mara ngapi. Kamera nyingi za kuanzia zimetengenezwa kuhimili mibofyo kama 100,000. Iliyofika 20,000 ina maisha, iliyofika 95,000 waachie wengine. Usikubali neno tupu, iangaliwe kwa programu.
4. Toa betri. Ikiwa imevimba, usiichukue.
5. Linganisha namba ya kamera na ya kwenye boksi, na udai risiti. Hata karatasi ya mkono yenye jina, simu na saini inafaa. Bila karatasi unaweza kuwa unanunua mali ya wizi ugenini.

Soma pia chaja kwa nyuma. Ikiandikwa 100-240V, itafanya kazi popote, hata kwa mliopo Marekani mtakaorudi kwenye umeme wa volti 230. Plagi za pini tatu za Dubai, Muscat na Doha ndizo hizo hizo za Tanzania, Kenya na Uganda.

Hasara yangu mwenyewe

Sasa nikiri. Mwaka wangu wa pili huku nilimnunulia mdogo wangu wa Tanga kamera na lenzi, dirhamu 2,900. Nilimtumia na begi la ngozi, zuri sana. Akaiweka kwenye begi, begi kabatini, kabati likafungwa isije ikaibiwa. Ikapita masika nzima. Alipoitoa kwa ajili ya harusi ya binamu, lenzi ilikuwa na kuvu kama mizizi. Fundi akasema kuvu imeshakula rangi ya kinga ya kioo, hata ikisafishwa alama zitabaki. Tuliuza vyote kwa thamani ya dirhamu 400.

Katika uhasibu thamani ya kifaa hushuka kila mwaka kwa kutumika, tunaita uchakavu. Ile haikuwa uchakavu. Kamera haikupiga hata harusi moja. Dirhamu 2,500 zimeliwa na unyevu, kwa sababu nilinunua kifaa nikasahau kununua utunzaji.

Kuvu inapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu unaopita asilimia 60 hivi. Pwani yetu, Tanga, Dar, Zanzibar na Mombasa, unyevu unapita hapo mara nyingi. Ngozi na kitambaa hunyonya unyevu, ndiyo maana begi si ghala. Begi ni la safari tu.

Dawa yake ni rahisi. Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, kama lile la kuwekea unga. Weka ndani punje za silika jeli, za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji. Zikigeuka, zikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo, nyuzi 120 hivi, saa moja au mbili, zitarudi rangi yake. Mchele usiweke, una vumbi. Na kamera itumike. Inayotoka kila wiki ikapata hewa na mwanga, kuvu haiishiki kirahisi.

Vumbi, joto na mvuke wa Ghuba

Walioko saiti wanajua vumbi la saruji. Lina punje ngumu. Ukiifuta lenzi kwa fulana unaisugua na msasa. Kwanza puliza kwa pampu ya mpira ya mkono, siyo kwa mdomo kwa sababu mate yana chumvi na maji. Halafu brashi laini. Kitambaa cha lenzi kinakuja mwisho, kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Ukibadilisha lenzi, zima kamera, elekeza tundu chini, geukia mbali na upepo.

Mwezi wa Agosti ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi inafunikwa na mvuke palepale, na maji yanaweza kuingia ndani. Kabla hujatoka, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika nje, iache humo nusu saa hivi ipate joto la nje, ndipo ufungue.

Usiache kamera ndani ya gari kiangazi. Ndani ya gari joto linapita nyuzi 60, na betri inakufa mapema. Kama hutaitumia mwezi mzima, toa betri ikiwa na chaji nusu, iweke pembeni.

Picha nazo ni mali. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, moja ikiharibika hujapoteza harusi nzima. Kadi ya bei ya kutupa mara nyingi ni feki, imeandikwa GB 128 kumbe ndani ni chache. Ijaze yote siku ya kwanza, kisha fungua picha za mwisho. Zisipofunguka, irudishe dukani. Na usifute kadi ya mteja mpaka picha ziwe mahali pawili.

Kwenye ndege

Betri za akiba na pawabenki haziendi kwenye begi la chini. Ni begi la mkononi tu, kila betri kwenye kifuko chake au midomo yake ikiwa na selotepu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Hesabu yake: gawanya mAh kwa 1,000, zidisha kwa volti. Pawabenki ya 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Betri ya kamera ya 1,200 na volti 7.2 haifiki hata 9. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates wanaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege, kwa hiyo chaji kila kitu kabla ya safari.

Kamera yenyewe ibaki mkononi na risiti iwe kwenye pochi. Ukiulizwa forodhani, sema kweli na uitoe. Boksi la mtu lililofungwa usilibebe, hata akiwa wa kijijini kwenu.

Picha isiyofaa kupigwa

Hili ni zito, hasa kwa dada zetu wa kazi za ndani. Falme za Kiarabu wana Sheria ya Shirikisho Na. 34 ya mwaka 2021. Kupiga au kusambaza picha ya mtu bila ridhaa yake kwa kuingilia faragha yake kunaweza kukuletea kifungo kisichopungua miezi sita, au faini kuanzia dirhamu 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Kwa mshahara wa 1,500, hiyo faini ya chini kabisa ni mishahara mia moja. Oman, Qatar, Saudia na Kuwait nako faragha inalindwa kisheria. Kwa hiyo nyumba ya bosi, watoto wa bosi, mama mwenye nyumba, hata sebule yake, usipige, usiweke status. Kambi za jeshi, ofisi za serikali na viwanja vya ndege ni vilevile. Na usitoze hela ya picha huku kama kibali chako ni cha kazi nyingine. Jifunzie kwa wenzako wa kempu, kwa ridhaa yao.

Yule kaka wa Morogoro hakusaini. Ilimchukua miezi saba, siyo sita, kwa sababu mwezi mmoja mama yake aliumwa na ile 300 ikaenda nyumbani. Angekuwa na mkopo, sijui angefanyaje. Sasa Ijumaa anapiga picha za wenzake wakiwa wamevaa vizuri, wanawatumia wake zao. Juzi alinionyesha kontena lake, la plastiki, mfuniko wa bluu. Punje zilikuwa bado rangi ya chungwa.

Mwenye kamera nyumbani kwao, leo akipiga simu awaulize imewekwa wapi. Kama ni kabatini ndani ya begi, waambie waitoe.