Je, Wajua? Kenya na Uganda Ziliwahi Kudai Sehemu ya Anga za Juu

Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, Kolombia, wajumbe wa nchi zinazopitiwa na ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire, walitia saini tamko la kijasiri. Walidai kwamba ukanda wa anga ulio juu ya nchi zao, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, ni mali yao.

Ukanda huo si wa kawaida. Setilaiti ikiwekwa hapo huzunguka sambamba na dunia, ikawa kama imesimama palepale mchana na usiku. Ndiyo maana dishi la televisheni likishaelekezwa halihitaji kugeuzwageuzwa. Nafasi huko haziwatoshi wote, na mwenye roketi ndiye hutangulia kufika.

Marekani na Umoja wa Kisovieti, mahasimu wakubwa wa zama zile, hapa zilikuwa na kauli moja: hapana. Zilishika Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, unaokataza taifa lolote kujimilikisha anga hizo. Kisheria hoja ilikuwa nzito, lakini tusisahau kwamba mkataba huo ulitokana kwa kiasi kikubwa na mapatano ya hao hao wawili.

Dai la umiliki halikukubaliwa. Hata hivyo sauti ya wanyonge haikupotea bure: mwaka 1988, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) ulikamilisha mpango unaoitengea kila nchi mwanachama angalau nafasi moja katika ukanda huo, iwe na roketi au isiwe nayo.