Azimio la Mchonga Vinyago

Mwaka mpya unapoingia, mchonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, hujiuliza: je, safari hii nitauza vingapi? Swali hilo ni halali, kwani patasi ndiyo inayowalisha wanawe. Lakini liko swali zito zaidi: mpingo utatoka wapi? Mti huo, utokao Lindi na kwingineko, hukomaa kwa miaka 70 hadi 100, na viwanda vya Ulaya navyo huutaka kwa klarineti. Basi azimio la mchongaji na liwe hili: kwa kila gogo alinunualo, apande mche au achangie upandwe. Yeye hatauchonga, atauchonga kitukuu. Nasi wanunuzi, tusidai kinyago kwa bei ya kuni.