Bei ya Ng'ombe Arua na Koboko: Je, Neema Hii Itadumu?

Mfugaji wa Arua au Koboko anayepeleka fahali sokoni siku hizi hurudi nyumbani na fedha ambazo miaka kumi iliyopita zingemshangaza. Mama anayemtuma mtoto buchani naye hushangaa, ila kwa upande wa pili, kwa kuwa kilo moja ya nyama imekuwa kitu cha kufikiriwa mara mbili kabla ya kununuliwa. Katikati ya hao wawili yuko askari anayekaribia kustaafu, ambaye hukitazama kiinua mgongo chake na kujiuliza kama si heri akigeuze kuwa zizi la ng'ombe. Swali la wote watatu ni moja: je, bei hii itadumu?

Jibu ni kwamba msingi wa bei hiyo ni imara, lakini kilele chake si imara. Yapo mambo yanayoizuia bei isianguke hadi chini, na yapo mengine yanayoipandisha kwa kitambo tu kisha yakaondoka. Mwenye kuyapambanua mambo hayo atafaidika. Mwenye kuyachanganya huenda akaijua tofauti baada ya fedha zake kwisha.

KINACHOISHIKILIA BEI

Jambo la kwanza ni hesabu ya watu na mifugo. Mwaka 2008 Uganda ilihesabu ng'ombe wapatao milioni 11.4, na mwaka 2021 wapatao milioni 14.5. Hilo ni ongezeko la zaidi kidogo ya robo kwa miaka 13. Kwa upande wa watu, sensa ya mwaka 2014 ilihesabu milioni 34.6, na ile ya mwaka 2024 ikahesabu milioni 45.9. Hilo ni ongezeko la karibu theluthi moja kwa miaka 10 tu. Walaji, basi, huongezeka upesi kuliko mifugo, na hali hiyo haitageuka kwa mwaka mmoja wala miwili.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Koboko inapakana na Sudani Kusini na Kongo, na barabara ya lami itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, inaziunganisha nchi hizo mbili. Ng'ambo ya Oraba ni Kaya, na njia ya Yei na Juba. Sudani Kusini ina ng'ombe wengi sana, lakini wafugaji wake wengi huwaweka kwa ajili ya mahari na heshima ya ukoo, wala hawawauzi ovyo. Ndiyo sababu walaji wa mji wa Juba wamezoea kutegemea, kwa sehemu, ng'ombe watokao Uganda.

Jambo la tatu ni wageni waliokimbia vita. Mapigano yaliyoanza Sudani Kusini mwezi Desemba 2013, na yale yaliyozuka tena Julai 2016, yaliwaleta mamia ya maelfu ya wakimbizi katika West Nile. Kambi ya Bidibidi huko Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na wengine wakapokelewa Rhino Camp, Imvepi na Lobule iliyoko Koboko. Penye watu wengi pana wanunuzi wengi, hata kama kila mmoja wao ananunua kidogo.

KINACHOWEZA KUIANGUSHA

Hata hivyo, maji yakijaa hupwa. Mnunuzi wa ng'ambo hununua kwa fedha ya kwao, na fedha hiyo si ya kutegemewa. Mwezi Desemba 2015 serikali ya Sudani Kusini iliiacha paundi yake ijitafutie thamani sokoni. Kwa siku moja ikashuka kutoka karibu paundi 3 kwa dola moja hadi zaidi ya paundi 18. Tena mwezi Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya nchi hiyo katika Sudan lilipasuka, mapato ya serikali yakapungua sana, na watumishi wake wakakaa miezi mingi bila mishahara. Asiyelipwa mshahara hanunui nyama. Mfugaji wa Koboko ambaye hajawahi kufika Juba huipata habari hiyo siku mchuuzi anapomwambia kwamba safari hii hawezi kutoa bei ya jana.

Mgao wa wakimbizi nao umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020 kwa sababu ya upungufu wa misaada. Familia iliyopunguziwa posho huanza kwa kuacha nyama, kisha ndipo ifikirie vingine.

Maradhi ya mifugo ni hatari nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia katika wilaya zaidi ya 30 za Uganda, na karantini ikazuia ng'ombe wasihamishwe wala kuuzwa. Karantini ina ncha mbili. Wilaya iliyofungwa huona mifugo yake ikikaa bila mnunuzi, hali ile iliyosalimika huona bei ikipanda kwa sababu wachuuzi wote wamekimbilia huko. Lakini kupanda huko hakutokani na nguvu ya soko. Siku karantini inapoondolewa, ng'ombe waliozuiliwa humiminika kwa pamoja, na bei hurudi ilikotoka.

MZUNGUKO WA MIAKA

Zaidi ya hayo, ufugaji wenyewe una mzunguko wake. Bei ikipanda, mfugaji mwenye busara huwazuia mitamba ili wazae. Kwa kuwa amewazuia, ng'ombe wanaofika machinjioni hupungua na bei huzidi kupanda. Lakini mtamba aliyezuiwa leo ni lazima akue, ashike mimba ya miezi tisa, azae, na ndama wake naye akue, hivyo kwamba nyama yake haifiki buchani kabla ya miaka mitano au sita. Siku zao zikifika, hufika pamoja, na hapo bei hulegea.

Marekani imeuona mzunguko huo waziwazi. Ukame wa miaka ya 2011 na 2012 uliwalazimisha wafugaji wengi wa huko kuuza ng'ombe wao, na mwanzoni mwa 2014 idadi ya ng'ombe wa nchi hiyo ilikuwa ndogo kuliko wakati wowote tangu 1951. Bei ikapanda mwaka huo kuliko ilivyowahi kupanda, wafugaji wakaongeza makundi, na kufikia mwaka 2016 bei ilikuwa imeanguka vibaya. Waliopata hasara kubwa ni wale walionunua mifugo ghali mwaka 2014 wakidhani kwamba hali itabaki vile. Mwaka 2025 idadi ya ng'ombe wa Marekani ilishuka tena, hata ikawa chini kuliko ile ya 2014, na bei ikapanda tena kupita zote zilizotangulia.

Mfugaji wa West Nile hana zizi la maelfu, na ng'ombe kwake si nyama peke yake. Ndiye jembe la kukokotwa, ndiye mahari, ndiye karo ya shule. Lakini tumbo la ng'ombe halibadili miezi yake kwa ajili ya mtu yeyote, na kanuni ni ile ile.

HESABU YA MSTAAFU

Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo si bei ya soko lolote. Mstaafu ananunua fahali mmoja kwa shilingi 1,500,000. Kwa mwaka mmoja anatumia shilingi 300,000 kwa dawa ya kupe, chanjo, chumvi na mchungaji. Jumla ametoa 1,800,000. Fahali amenenepa kwa theluthi moja, na kama bei haikubadilika atauzwa kwa 2,000,000. Faida ni 200,000.

Sasa bei ishuke kwa sehemu moja tu katika tano. Fahali yule yule aliyenona atauzwa kwa 1,600,000, na faida ya 200,000 itakuwa imegeuka hasara ya 200,000. Kama fedha ya kumnunulia ilikopwa, riba itaongezwa juu ya hasara hiyo. Kwa hiyo anayenunua mafahali kwa bei ya juu ili awauze kwa bei ya juu zaidi hafanyi ufugaji, bali anacheza kamari na mipaka, fedha za kigeni na maradhi.

Aliyenunua ng'ombe jike wachache wenye afya yuko katika hali nyingine. Bei ikishuka, jike hulazimiki kumuuza. Ataendelea kunywesha watoto maziwa na kuzaa, na mwenyewe atangoja. Kiinua mgongo hupatikana mara moja tu maishani, na haifai chote kuingia zizini kwa siku moja. Heri mstaafu aanze na wachache, ajifunze malisho na maradhi ya mahali pake, kisha aongeze.

NYAMA JIKONI

Kwa upande wa jikoni, mama asingoje bei irudi ilivyokuwa zamani, kwa kuwa ule msingi uliotajwa hapo juu hautaruhusu. Nyama kidogo yenye mifupa, ikichemshwa pamoja na kunde au maharagwe, hulisha nyumba nzima. Samaki wa Nile nao hujenga mwili vilevile.

Lipo onyo moja lisilopasa kupuuzwa. Nyama ikiwa ghali, hutokea watu wa kuuza nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya ya Arua ilipata wagonjwa wa kimeta, na uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa huo uliwapata watu walioshika mizoga ya ng'ombe waliokufa ghafla. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, hauchunwi wala hauliwi. Bwana mifugo hupewa habari, na mzoga huzikwa kama anavyoagiza. Nyama inunuliwe pale tu ilipokaguliwa.

YAPASAYO KUFANYWA

Wakati wa bei nzuri ndio wakati wa kupanga. Mfugaji auze mafahali waliokomaa na majike wazee waliokoma kuzaa, lakini mitamba asiwaguse. Karo ya shule hulipwa Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, na katika majuma hayo wazazi wengi huuza kwa haraka na kwa bei ya kushindana. Mwenye kuuza mapema, kabla ya haraka hiyo au kuelekea Krismasi na Idi, hupata zaidi kwa mnyama yule yule. Sehemu ya fedha irudi zizini kwa chanjo na dawa ya kupe, na kila shilingi iandikwe, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Wazee wa West Nile wanaukumbuka mwaka 1979 na vita vilivyofuata, jamaa nyingi zilipokimbilia Sudan na Zaire na kuacha mali yao nyuma. Waliporudi katika miaka ya 1980, wengi walianza na jike mmoja au wawili, wakangoja miaka mingi kabla ya zizi kujaa tena. Bei ya fahali hupanda na kushuka, na mwenye jike zizini huweza kuingoja. Aliyeuza mitamba yake kwa tamaa ya bei ya leo atalazimika kesho kuwanunua kwa wenziwe.